Safu ya Watu Wawili

Bi Huguette Perrachon alinusa kila kitu kabla ya kukinywa. Sisemi divai tu, maana divai kila mtu kwetu anainusa. Alinusa maji ya bomba. Alinusa kahawa, maziwa, supu iliyoletwa na mtu anayemwamini, na nilimwona kwa macho yangu akiizungusha dawa ya kikohozi ndani ya kikombe kidogo, taratibu, akaisogeza puani na kufumba macho, huku muuguzi amesimama mbele yake mikono kiunoni. "Ya mwaka huu," akasema, ndipo akaimeza. Hata maji ya baraka pale mlangoni mwa kanisa hayakusalimika. Akishachovya kidole, kidole kilipita puani kabla ya kufika kwenye paji la uso.

Tulikuwa majirani kwa muda mrefu, ukuta mmoja wa mawe ukitutenganisha, na nilizoea kuamka nikimsikia akiongea na mizabibu yake. Ilikuwa imebaki mistari michache tu nyuma ya nyumba. Mashamba makubwa, yale ya mteremkoni, aliyauza baada ya mumewe Claudius kufariki, akabakiza mizabibu mizee ambayo, kwa maneno yake, hakuna mnunuzi ambaye angeivumilia tabia yake. Aliipogoa mwenyewe kila Januari, amevaa koti la marehemu lililomfika magotini, akiigombeza kama watoto watoro. Alikuwa mfupi, mwepesi, na hakujua kungoja. Kwenye foleni ya mkate alisimama mguu mmoja ndani ya mstari, mmoja nje, na waliokuwa mbele yake walijikuta wakinunua haraka haraka bila kujua kwa nini.

Mimi ni mtu wa kukaa dirishani. Naweza kuutazama ukungu ukipanda kutoka mto Saône asubuhi nzima, nikasahau chai. Yeye alinionea huruma kwa hilo, kama vile mtu anavyomwonea huruma mgonjwa, na nadhani ndiyo sababu alinichagua niwe dereva wake siku ile.

Kwetu Chermont, kama katika vijiji vyote vya milima hii ya Beaujolais, mtu ana ndugu wa aina tatu: wa damu, wa ndoa, na wa rika. Waliozaliwa miaka inayoishia na tarakimu ile ile ni rika moja, na kila baada ya miaka kumi, mwezi wa Mei, rika hilo huishika barabara kuu ya kijiji. Vijana wa ishirini hufunga utepe wa kijani kwenye kofia, wa arobaini utepe wa rangi ya machungwa, hivyo hivyo mpaka wa themanini, ambao utepe wao ni mweupe na ndio wanaotangulia. Kila umri una safu yake. Watu wa safu moja hushikana viwiko, na bendi ya matarumbeta ikianza hawaendi moja kwa moja: safu nzima huyumba kushoto, ikayumba kulia, kama maji ndani ya beseni lililobebwa kichwani. Hilo tunaliita wimbi. Mtu aliyetembea na wenzake kwenye wimbi akiwa na miaka ishirini hutazamia kutembea nao tena akiwa na thelathini, na arobaini, mpaka miguu ikatae.

Ikatokea kwamba mwaka niliotimiza arobaini, Bi Huguette alikuwa akitimiza themanini. Sote wawili tulikuwa wa rika moja, mimi katikati, yeye kichwani. Lakini safu yake ilikuwa imeliwa. Walioanza na utepe wa kijani walikuwa wengi hata barabara haikuwatosha. Sasa wengi walikuwa makaburini, na waliosalia walihama. Bertrand, mwoka mikate wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa sherehe, alikuja kwa Bi Huguette jioni moja ya Septemba, mwaka uliotangulia sherehe, kofia mkononi. Alimweleza kwa upole kwamba mtu mmoja hawezi kufanya wimbi. Kamati ilikuwa imewaza, ikaona imwandalie gari la wazi lililopambwa maua, akae nyuma, apungie watu mkono.

Bi Huguette alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kutisha.

"Gari ni la meya na la marehemu," alimwambia. "Mimi si meya."

Bertrand akageuza kofia mikononi. Akasema kama angepatikana japo mmoja, mmoja tu, aliyetembea naye akiwa na miaka ishirini, basi safu ingekuwa safu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua hapatikani. Lakini walikuwepo wawili. Ginette alikuwa katika nyumba ya wazee kule Saint-Abel. Mwingine alikuwa Marius, aliyehamia kijiji cha Les Tournes, na jina hilo Bi Huguette hakulitamka. Alisema tu "yule wa kule juu," akielekeza kidevu dirishani.

Tuliondoka asubuhi ya siku iliyofuata mavuno ya mwisho. Alivaa koti la Jumapili, mkoba kwenye magoti, na kikapu cha chakula miguuni kana kwamba tunavuka nchi. Les Tournes unaiona kutoka jikoni mwangu, mnara wa kanisa lake ukichungulia juu ya kilima cha pili. Ukifuata barabara ya bondeni unafika kabla injini haijapata moto. Tulipofika njia panda nikawasha taa ya kwenda kulia. Bi Huguette akaniambia nipinde kushoto.

"Tuna siku nzima," alisema. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake.

Basi tukazunguka na gari. Tulipanda kwa barabara nyembamba zinazojikunja kati ya mizabibu, ile mifupi iliyopogolewa kama vikombe, majani yake yakianza kuwa mekundu kwenye kingo. Matrekta yaliyobeba mapipa matupu yalitupisha, na kila dereva alisimama kumsalimu na kuulizwa mavuno yake yalikuwaje. Milima ya Alps ilionekana siku hiyo, myeupe, mbali kabisa, maana yake mvua kesho, na kila tuliyekutana naye alitukumbusha. Tulisimama kwenye kanisa dogo la kilimani ambalo Bi Huguette alidai hajaliona siku nyingi, ingawa kutoka pale unaona paa la nyumba yake. Tulishuka kwenye ghala la binamu wa Claudius, kwa kusalimu tu, na kusalimu kukawa kuonja pipa moja baada ya jingine. Alizungusha, alinusa, alitema kwenye changarawe kwa shabaha nzuri, na binamu yule, mtu mzima mwenye wajukuu, alisimama na kandili yake akingoja neno kama mwanafunzi. La kwanza aliambiwa ni zuri. La pili aliambiwa ni la kuuzia watu wa Paris. Akafurahi kwa yote mawili.

Tulikula tumekaa kwenye ukuta wa mawe, jua mgongoni: soseji iliyopikwa juu ya makapi ya zabibu, jibini ya mbuzi iliyokauka kama chaki, mkate wa Bertrand, ambao alisema haukuwa na makosa ya mwokaji wake. Chini yetu vijiji vilikaa kila kimoja juu ya kilima chake, rangi ya asali, kama watu waliogombania viti na kila mmoja akapata chake. Nilifikiri jinsi mtu anavyoweza kuishi maisha yake yote akitazamana na mnara wa kijiji cha pili bila kwenda huko. Bi Huguette alikuwa akikunja karatasi ya jibini vipande vidogo, vidogo zaidi, mpaka haikukunjika tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa.

Saint-Abel tulifika mchana. Ginette alikuwa sebuleni kwa wazee, karibu na dirisha, nywele zimechanwa vizuri, kitambaa cha hariri shingoni. Alimtambua Huguette papo hapo, ila alimweka kwenye umri mwingine: alimuuliza kama mama yake amemruhusu kutoka. Bi Huguette akasema ndiyo, lakini arudi kabla ya giza. Ginette akasema na yeye kwao ni hivyo hivyo. Alipoambiwa habari za matembezi ya Mei hakusita hata kidogo. Angekuja. Viatu alikuwa navyo, vyeupe, na alitaka kujua kama wale mapacha wa Saint-Abel watapiga muziki. Nyuma yake muuguzi alitikisa kichwa polepole. Bi Huguette alimwona muuguzi, akamrudishia Ginette macho, akasema viatu vyeupe vitafaa sana.

Tulikuwa tunaaga Ginette alipomshika mkono.

"Bado umenuna kwa ajili ya ile soksi?"

"Soksi gani?"

"Usijifanye mjinga, Huguette. Soksi nyekundu. Marius alicheka mpaka akakaa chini."

Na yeye mwenyewe akaanza kucheka, na wazee wawili waliokuwa wakicheza karata pembeni wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Majina ya watoto wake yalikuwa yamempotea, muuguzi alituambia hivyo mlangoni. Soksi ilikuwa imebaki.

Habari ya soksi naijua, Chermont nzima inaijua. Siku ya Mtakatifu Vincent, ambaye ndiye msimamizi wa wakulima wa mizabibu, kijiji hukutana ukumbini kuonja divai za kila nyumba. Ili mtu asione lebo akamwonea jirani yake haya, kila chupa huvalishwa soksi ya sufu. Mwaka ule, kama miaka yote, Bi Huguette ndiye aliyeachiwa neno la mwisho, maana pua yake ilikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mto. Alifika kwenye chupa ya soksi nyekundu. Akanusa, akarudia kunusa, akaweka glasi mezani. Akatangaza kwamba hii ni siki, na kwa kuwa ni siki ni ya Marius, na kwamba inanuka soksi, na hamaanishi hii ya nje. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mtu akaivua soksi. Lebo ilikuwa ya Perrachon, ameibandika yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Marius ndiye aliyecheka kuliko wote. Na kama angeishia hapo, Bi Huguette aliniambia tukiwa garini, macho mbele, angemsamehe. Lakini alihama Chermont kwenda kukaa na bintiye Les Tournes, akaibeba hadithi hiyo pamoja na vitanda na masufuria, akaisimulia kwenye kila harusi na kila mazishi ya milima hii. Watu wasiomjua Huguette walijua soksi yake.

Sikuambiwa nipinde tena. Barabara zilikuwa zimekwisha.

Ua wa nyumba ya Marius ulijaa nyigu na harufu ya zabibu iliyokamuliwa. Shinikizo lilikuwa likifanya kazi, maji mekundu yakitiririka ndani ya beseni kubwa la mbao, na bintiye Sylviane, mikono ya zambarau mpaka viwikoni, alikuja kutubusu mashavuni bila kutugusa kwa mikono. Marius alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, kofia kichwani, blanketi magotini. Hakusimama. Mzee wa kwetu anaweza asiinuke mbele ya meya, lakini mbele ya mwenzake wa rika huinuka, hata akiwa hoi. Niliona shingo ya Bi Huguette ikikakamaa.

"Nani huyu?" Marius akauliza hewani. "Mkaguzi wa soksi?"

"Umezeeka, Marius."

"Na wewe umefupika. Sikujua ulikuwa bado na pa kufupikia."

Sylviane akawahi kuleta jagi la paradiso. Ndivyo tunavyoiita ile juisi ya zabibu inayotoka moja kwa moja kwenye shinikizo, tamu kama asali, ikianza tu kuuchoma ulimi, ambayo hunywewa siku chache kwa mwaka na haisafirishwi popote. Marius akamwambia mgeni wake anywe bila wasiwasi, safari hii anamjulisha mapema kwamba ni ya Marius. Bi Huguette akaipeleka puani, akanywa, akasema haina neno. Kwa mtu anayemjua, hiyo ni medali.

Kisha akamweleza, wima, bila kuzunguka: Mei, Chermont, safu ya utepe mweupe, na gari la maua ambalo hatalipanda. Marius alisikiliza akitazama shinikizo. Akasema siku hiyo ana kazi. Bi Huguette akamuuliza siku ipi, maana bado haijapangwa. Akasema Mei yote ana kazi. Tena umri wake si wa kuyumba barabarani kama kijana mlevi. Na mwishoni, kwa kuwa alikuwa Marius, hakuweza kuliacha.

"Tafuta mtu anayejua kunusa," alisema.

Bi Huguette akachukua mkoba wake. Mimi nilikuwa nimeshageuka kuelekea garini, Sylviane alipopiga kelele kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa ameenda kuleta mpira wa maji, na beseni lilikuwa limejaa. Paradiso ilikuwa ikimwagika juu ya mawe, nyekundu, na kuelekea mferejini. Mkulima hawezi kuona kitu kama hicho akabaki amekaa. Marius aliinuka bila kufikiri. Blanketi likaanguka. Hatua ya kwanza aliipata, ya pili mguu wa kulia haukuja. Ulining'inia nyuma yake kama wa mtu mwingine, naye akadaka ukingo wa pipa, akabaki hapo, nusu njia, akipumua. Sylviane alishafunga mashine. Nyuma ya kiti, pale blanketi lilipokuwa likiziba, fimbo ilionekana imeegemezwa ukutani.

Nyigu walishuka kwenye mawe.

Bi Huguette akaweka mkoba chini. Akatembea mpaka kwenye pipa, akapitisha kiwiko chake ndani ya kiwiko cha Marius, kama watu wanavyoshikana kwenye safu, akamrudisha kitini polepole. Alimuuliza ni tangu lini. Tangu baridi iliyopita, alisema. Nyonga. Daktari alitaka kuikata na kuweka ya chuma, na yeye hakutaka.

"Nani anajua?"

"Sylviane," akasema Marius. "Na sasa wewe, yaani Chermont nzima."

"Kwa hiyo ni mguu. Siyo soksi."

"Soksi ni rahisi kuisema."

Bi Huguette alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti karibu kugusana. Sijui alifikiria nini, lakini alipozungumza alizungumza haraka, kama mtu aliyeona mlango wa nyuma ambao wengine hawajauona.

"Marius, siku ile barabara nzima inayumba. Wenye miguu mizima wanayumba, na bendi inayumba, na padre anayumba. Utayumba upande wako, nitakuvuta upande wangu. Nani atajua mguu upi ni mbovu?"

Marius akafikiri. Niliona akilitembeza wazo lile kichwani, kuanzia kanisani kushuka mpaka uwanjani.

"Na tukianguka?"

"Tutamwangukia Bertrand."

Hapo Marius akacheka. Nadhani kilikuwa kicheko kile kile cha ukumbini, kikubwa, cha kutoka tumboni, maana uso wa Bi Huguette ulifungika kama dirisha. Marius akaona. Akaacha kucheka, akangoja.

"Ile divai ilikuwa ya Claudius," Bi Huguette akasema. "Pipa lake la mwisho. Hakuwa hata na mwaka kaburini. Nikaitia puani, sikuijua, nikaiita siki mbele ya watu. Na wewe ukakaa chini ukacheka."

Miaka yote ya ukuta wetu mmoja hakuwahi kuniambia hilo. Sidhani kama alimwambia mtu. Sylviane aliinama akaanza kuokota makapi ambayo hayakuhitaji kuokotwa.

Marius alivua kofia. Alieleza taratibu, akitafuta maneno, maana hakuzoea kusema jambo bila mzaha. Vuli ile ya ugonjwa, Claudius alimwita ghalani. Alichota kutoka pipa lile la mwisho, wakaonja pamoja, wakatazamana, wakatema pamoja. Lilikuwa limeharibika. Claudius hakuwa na nguvu ya kuanza jingine wala moyo wa kulimwaga. Akasema, mwache Huguette alipeleke siku ya Mtakatifu Vincent. Akasema, mfunge macho, ivalishe chupa nguo zozote, pua yake haitamdanganya hata kwa kitu kilichotoka mikononi mwangu. Marius alibisha. Alisema hakuna mke duniani anayeweza kumwita mumewe siki bila kujua. Wakawekeana dau la soseji.

"Ulipotamka lile neno," Marius akasema, "nilijua ameshinda. Yuko kaburini na ameshinda. Nilikuwa nacheka na yeye, Huguette. Wewe hukuwemo kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kesho yake. Ulifunga dirisha. Nikaja tena, ukafungua, ukanimwagia maji."

"Yalikuwa ya kuoshea mboga," akasema Bi Huguette.

"Najua. Nilirudi nyumbani na jani la kabichi begani."

Bi Huguette alimuuliza basi kwa nini aliitembeza hadithi hiyo kwenye kila harusi, na bila hata kumtaja Claudius. Marius akatazama kofia yake. Akasema kila alipoisimulia alikuwa naye mle ndani, hata kama wasikilizaji hawakumwona. Na kwamba rafiki zake wote wamekwisha, sasa mtu ataishi na nini.

Jua lilikuwa limegusa ukuta wa ua. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bi Huguette ametulia kabisa, hata vidole. Kisha akanyoosha glasi yake, Sylviane akaijaza, akainywa mpaka chini.

"Vaa kofia ya maana," alimwambia Marius alipokuwa akiinuka. "Ile ya harusini. Hii imeliwa na panya."

Tulirudi kwa barabara ya bondeni. Nilitaka kumuuliza anajisikiaje, mtu anaporudishiwa kitu kikubwa namna hiyo jioni moja, baada ya kukikosa muda wote huo. Lakini alikuwa amelala, mdomo wazi, kikapu mapajani.

Mei ilikuja na mvua, kisha mvua ikakatika asubuhi yenyewe. Mimi nilikuwa kwenye safu ya utepe wa machungwa, nimebanwa kati ya mwalimu wa shule na fundi bomba, na kwa juu ya mabega ya watu niliwaona wawili wale mbele kabisa, Bi Huguette akimfikia mwenzake kwapani, kofia ya Marius ikimeta. Bertrand, kwa tahadhari, alikuwa ameleta gari la maua hata hivyo, likaja nyuma yetu wote, tupu.

Bendi ikaanza. Safu ya watu wawili ina nafasi kubwa ya kuyumba. Walikwenda kushoto mpaka karibu na ukuta wa posta, wakakaa kidogo, wakarudi kulia mpaka kwenye meza za mkahawa, na watu waliokuwa wamekaa wakainua glasi zao zisimwagike. Hakuna aliyeona mguu. Waliona wazee wawili wanaofurahia wimbi kuliko vijana, wakawashangilia. Nyuma yao kijiji kizima kilikanyaga mahali pamoja. Bendi ilimaliza wimbo, ikauanza upya, ikaumaliza tena, mpiga tarumbeta mmoja akawa mwekundu kama zabibu. Vijana wa utepe wa kijani walilalamika kwamba supu inapoa. Bi Huguette Perrachon, ambaye hakuwahi kumngoja mtu dukani, alitembea mwendo wa polepole kuliko wote wa maisha yake, akapunga mkono pande zote mbili kama malkia.

Uwanjani Marius alikuwa ameishiwa. Niliona uzito wake wote ukimwangukia Bi Huguette, naye amesimama kama nguzo ya mzabibu. Akaita viti viwili. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba ni yeye aliyechoka, na kwamba Marius atakaa naye kwa adabu tu.

Baada ya hapo ikawa kila Alhamisi nampeleka Les Tournes. Walicheza karata na kutukanana, Sylviane nami tukinywa kahawa jikoni, na kuna siku nilijikuta nimecheka hata nikasahau kutazama nje. Daktari aliipata nyonga ya Marius mwishowe, na ya chuma ikawekwa. Bi Huguette alimwambia Marius kwamba chuma ndicho kitakuwa kiungo chake chenye akili.

Bi Huguette alifariki usingizini mavuno yaliyofuata, katika wiki ya kwanza, wakati kijiji kizima kiko mashambani, hivyo kengele iliposikika watu walisimama palepale mistarini na mikasi mikononi. Marius alikuja kumzika akiwa na fimbo yake, hakuificha. Baada ya ibada aliniuliza kama marehemu alisema neno lolote. Nilimwambia.

Ilikuwa jioni ya kabla ya usiku aliofariki. Nilikuwa napita na chupa zangu tupu, yeye yuko getini akiambua maharage kwenye aproni, akalalamika kidogo kuhusu joto, kidogo kuhusu Bertrand. Nilikuwa nimeshafika mlangoni mwangu aliponiita.

"Kesho njoo mapema na gari," alisema. "Twende tukamchokoze Marius kabla hajatufia."